WASTANI HUMFICHA MTU

 Toleo lililopita nafasi kama hii ilitumiwa kujadili mitindo ya nywele na chakula cha mchana, na wengi walifurahi. Mimi leo naja na jambo ambalo huenda likawafanya baadhi yenu mkimbilie ukurasa wa vitendawili. Nawasihi msikimbie. Nataka kuzungumza juu ya molekuli moja. Naam, moja tu, iliyokwama ndani ya fuwele kwenye baridi kali kuliko baridi yoyote mliyowahi kuisikia, na jinsi ilivyonikosanisha na ile karatasi inayobandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa muhula.

Karatasi yenyewe mnaijua. Ina somo, wastani wa muhula huu, wastani wa muhula uliopita, na mwishoni alama ya kujumlisha au ya kutoa. Tukiona alama ya kutoa, siku hiyo gwaridi huwa refu. Mwishoni mwa kidato cha pili, ile alama ya kutoa ilipojitokeza kwenye Fizikia kwa mara ya tatu mfululizo, wenzetu kadhaa walishauriwa wachague somo lingine "ili wasituangushe". Mmoja wao alikuwa jirani yangu wa dawati. Sitamtaja jina kwa sababu hakunituma. Ila alama zake nazijua, kwa maana tulikuwa tukilinganisha karatasi zetu chini ya dawati kama watu wanaobadilishana siri. Muhula wa kwanza alipata 14. Wa pili 19. Wa tatu 33. Hebu tazama tena nambari hizo. Katika mihula ile ile ambayo karatasi ya ubaoni ilisema darasa linashuka, yeye alikuwa amepanda zaidi ya mara mbili. Karatasi haikusema neno juu yake. Haina mahali pa kusemea.

Sisemi walimu wetu ni wabaya. La hasha! Wao nao huulizwa wastani na walio juu yao, na walio juu nao huulizwa na wazazi wetu, ambao wakikutana sokoni hapa Nyamarambe jambo la kwanza ni "shule yenu ilipata mean ya ngapi?" Sote tumo. Hata mimi niliposikia wanaondolewa, nilijiambia kimoyomoyo kwamba afadhali, sasa tutapanda. Aibu hiyo naikiri hapa hapa mwanzoni.

Sasa molekuli inaingilia wapi? Inaingia kwa swali nililomwuliza mwalimu wetu wa Kemia tulipokuwa tukisoma juu ya moli. Tulikuwa tumefanya hesabu ya kijiko cha sukari. Tuseme kijiko kina gramu 5. Moli moja ya sukari ni gramu 342, na moli moja ya kitu chochote ina chembe 6.02 × 10²³. Ukipiga hesabu unapata kwamba kile kijiko unachokoroga kwenye chai kina molekuli kama 8,800,000,000,000,000,000,000. Watu wote wa dunia hii, bilioni 8 hivi, wakiketi kuzihesabu, kila mmoja molekuli moja kwa sekunde bila kula wala kulala, watamaliza baada ya miaka karibu 35,000. Na hapo chai haijapoa! (Imepoa.) Basi nikainua mkono nikauliza, "Mwalimu, kuna mtu amewahi kuona moja? Moja peke yake?" Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Swali zuri, nenda ukatafute." Nikatafuta, kwenye simu ya kaka yangu, usiku, mpaka chaji ikaisha na stima ilikuwa imepotea. Nikaendelea kesho yake.

Kumbe swali langu lilikuwa limewasumbua wakubwa kabla yangu. Mnamo 1952 Erwin Schrödinger, yule mwanafizikia wa Austria mwenye Tuzo ya Nobel, aliandika kwamba sisi hatufanyi kamwe majaribio kwa elektroni moja, atomu moja au molekuli moja. Tunaweza kuwazia tu jambo kama hilo, na tukiliwazia tunaishia kwenye vichekesho. Sikumlaumu. Kila kipimo cha Kemia kilichokuwa kikifanywa kilikuwa kipimo cha mabilioni ya mabilioni kwa pamoja. Ukisema "molekuli ya rangi hii inameza mwanga wa namna hii", ulikuwa unasema juu ya umati, kama mtu anayesema "Wakisii ni warefu kiasi hiki". Wakisii gani?

Hapo inanibidi nieleze kidogo juu ya spektroskopia, na nitajitahidi nisiwachoshe. Spektroskopia ni elimu ya kukitambua kitu kwa mwanga wake. Unapitisha mwanga kwenye kitu, unatazama ni rangi zipi zimemezwa na zipi zimepita, au unatazama ni rangi zipi kitu chenyewe kinatoa. Kila kitu kina alama yake, kama vidole vya mtu. Gesi ya heliamu, kwa mfano, iligunduliwa kwa njia hii kwenye jua mnamo 1868, kwa mstari wa manjano uliokuwa hauna mwenyewe, miaka mingi kabla haijapatikana hapa duniani. Kitu kilijulikana kwa rangi yake kabla hakijashikwa kwa mkono! Ikumbukeni hiyo heliamu, nitairudia.

Taabu inaanza ukitaka kufanya hivyo na molekuli zilizo ndani ya kitu kigumu. Mmeshawahi kusafiri kwa Probox iliyojaa kupita kiasi kutoka hapa kwenda Kisii mjini? Kuna aliyebanwa na mlango, kuna aliyebanwa na gunia la ndizi, kuna aliyekaliwa magotini na mtoto wa wenyewe. Sasa waambie wote waimbe noti moja. Wataimba, lakini kila mmoja sauti yake itapanda au kushuka kidogo kulingana na alivyobanwa. Ukisimama nje utasikia ngurumo moja pana, si noti. Ndivyo zilivyo molekuli ndani ya fuwele. Kwenye vitabu tunachorewa fuwele kama gwaridi lililonyooka, kila molekuli mahali pake, lakini fuwele halisi ina mibano na nyufa ndogondogo, na kila molekuli ngeni iliyoingizwa ndani yake hukaa imebanwa kwa namna yake. Kwa hivyo kila moja humeza rangi iliyotofautiana kidogo mno na ya jirani yake. Mwanasayansi wa zamani alipopima, alipata mlima mpana wa rangi, akaandika kilele chake kitabuni. Kilele hicho ndicho wastani.

Tena gari linatembea. Barabara mnaijua. Kila mtikiso unafanya sauti ya kila abiria iyumbe, hata ukimkaribia mmoja sikio kwa mdomo husikii noti iliyotulia. Mtikiso huo katika molekuli ndio joto. Njia ya kuutuliza ni moja tu: zima injini. Yaani, poza. Poza mpaka kitu chenyewe kikose nguvu ya kutikisika.

Na hawakupoza mchezo. Friji ya pale sokoni inayogandisha maji hufika nyuzi chache tu chini ya sifuri. Baridi ya mwisho kabisa, ambayo hakuna kinachoweza kuishukia, ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri, na hapo ndipo kipimo cha Kelvini huanzia kuhesabu. Heliamu ikigeuzwa kuwa maji (jambo lililofanywa mara ya kwanza mnamo 1908 na Heike Kamerlingh Onnes kule Leiden, Uholanzi) huchemka kwenye Kelvini 4.2. Inachemka, narudia, kwenye baridi ambayo hewa unayovuta ingekuwa jiwe. Ukiinyonya mvuke kwa pampu hushuka zaidi. Ndani ya baridi kama hiyo, Kelvini 1.6 hivi, ndipo jambo langu lilipotendeka.

Mwaka ulikuwa 1989, kwenye maabara ya utafiti ya IBM iitwayo Almaden, San Jose, California. Wanasayansi wawili, W. E. Moerner wa Marekani na Lothar Kador wa Ujerumani, walichukua fuwele ya kitu kiitwacho terifenili, wakaweka ndani yake pentasini kidogo sana. Pentasini ni molekuli yenye pete tano za kaboni zilizoungana kwa mstari, mfano wa masega ya nyuki. Terifenili ndiye mwenyeji, pentasini ndiye mgeni, na wageni walikuwa wachache mno kati ya mamilioni ya wenyeji. Wakamulika sehemu ndogo sana ya fuwele kwa leza, ambayo ni mwanga wa rangi moja safi, karibu nanomita 592, rangi ya manjano inayoelekea machungwa. Kisha wakaigeuza rangi ya leza polepole, kidogo kidogo, kama babu anayezungusha kile kidude cha redio kuukuu akiitafuta Egesa FM katikati ya mlio wa upepo.

Ujanja wao uliniacha kinywa wazi, kwa sababu ni ujanja ambao hata mimi ningeuweza kama ningeufikiria. Hawakutafuta kileleni. Kileleni wamejaa, kila mmoja anafanana na mwenzake. Walikwenda pembeni, kwenye mteremko wa mwisho wa ule mlima wa rangi, ambako wamebaki wale waliobanwa kwa namna ya ajabu kuliko wengine. Huko, ukizungusha leza, unapita kimya, kimya, kimya, halafu moja. Kwa ile baridi, sauti ya pentasini moja ni nyembamba mno: upana wake ni kama megahezi 8, ilhali mwanga wenyewe hutetema mara 500,000,000,000,000 hivi kwa sekunde. Gawanya mwenyewe; utapata sehemu moja kati ya zaidi ya milioni 60. Redio gani ina masikio kama hayo?

Nisitie chumvi lakini. Hawakupiga picha ya molekuli ikitabasamu. Walichopata ni kivuli, upungufu mdogo mno wa mwanga uliomezwa, uliofukuliwa kwa shida katikati ya kelele za mitambo. Mwaka uliofuata, 1990, Michel Orrit na Jacky Bernard wa Bordeaux, Ufaransa, walifanya jambo lile lile kwa njia rahisi zaidi. Badala ya kutafuta mwanga uliopungua, walitazama mwanga ambao molekuli yenyewe huutoa baada ya kummeza yule wa leza. Tofauti yake ni hii. Kujua kwamba mtu mmoja hayupo kwenye uwanja uliojaa ni kazi. Lakini mtu mmoja akiwasha koroboi juu ya kilima usiku usio na mwezi, hata mtoto atakuonyesha kwa kidole. Tangu hapo maabara nyingi zikaanza kuwasha koroboi.

Na walipoona moja, waliona nini? Hapa ndipo nilipolala bila usingizi. Mnamo 1991 Moerner na mwenzake Ambrose walikuwa wanaitazama pentasini moja imekaa kimya kwenye baridi yake. Hakuna aliyeigusa. Ghafla ikaruka. Rangi yake ikahama, ikawa nyingine, ikakaa, ikaruka tena. Fuwele iliyoizunguka ilikuwa bado inajipanga panga, hata kwenye baridi ile ambayo tungedhani kila kitu kimekufa ganzi. Katika kipimo cha umati mruko huo haupo. Mmoja akiruka juu na mwingine akiruka chini, wastani hukaa pale pale ulipokuwa, umetulia kama maji mtungini, na wewe unaandika kwenye daftari "hakuna mabadiliko".

14, 19, 33.

Huenda mtu atasema hayo ni mambo ya Wazungu wenye leza, na sisi hapa hata taa za Bunsen tunasubiriana. Si kweli kwamba hayatuhusu. Heliamu niliyowaambia mkumbuke haitengenezwi kiwandani. Inazaliwa polepole ndani ya miamba mizee, uranium na thoriamu zinapooza kwa mamilioni ya miaka, halafu inanaswa chini ya ardhi. Mnamo 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba kuna heliamu nyingi kwenye bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, ndani ya Bonde la Ufa hili hili letu, ambako joto la volkano limeifukuza kutoka kwenye miamba ile ya kale. Gesi inayopoza mashine kubwa za hospitali za kupiga picha ndani ya mwili, na inayozituliza molekuli mpaka zionekane moja moja, iko upande huu wa dunia. Nani ataisomea? Yule tuliyemwondoa Fizikia?

Tukiwa bado Tanzania na mambo ya baridi, niruhusuni nimtaje mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu kama mimi. Erasto Mpemba, mwaka 1963, shule ya sekondari ya Magamba. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Nafasi kwenye friji ilikuwa ikigombaniwa, naye akatia maziwa yake yangali ya moto badala ya kuyangoja yapoe. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake. Alipouliza sababu, mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Miaka ikapita, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamwuliza mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, na wenzake wakamcheka. Osborne aliporudi Dar es Salaam aliagiza jambo hilo lijaribiwe, na mnamo 1969 wawili hao wakalichapisha kwa majina yao yote mawili katika jarida la Physics Education. Mpaka leo wanasayansi wanabishana: wako wanaosema jambo hilo lipo, wako waliojaribu wasilione. Mimi siwezi kuamua. Ninachojua ni kwamba dunia nzima sasa inabishana juu ya kipimo kimoja cha mtoto mmoja ambacho hakikulingana na vya wenzake.

Nasi hufanya nini na kipimo kisicholingana? Semeni ukweli wenu mbele ya Mungu. Tukiwa maabarani, nukta tano zikikaa vizuri kwenye mstari na ya sita ikienda kando, tunaichukua raba. Tunaifuta! Kisha tunachora mstari mzuri na kupata alama kamili. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nitakavyokubali kuandika hapa.

Niliwahi kubishana jambo hili na kiranja mmoja wa kidato cha nne, mtu anayeheshimika kwa hesabu, na inafaa niseme hoja zake kwa haki. Aliniambia kwamba wastani si uongo. Ni kweli. Hata joto lenyewe, tunalolipima kwa kipimajoto, ni namna ya wastani wa mtikiso wa chembe zote. Bila wastani hakuna Fizikia wala hakuna utabiri wa mvua, na wizara haiwezi kumjua kila mtoto wa Gucha Kusini kwa jina. Nilimkubalia. Tena akaniambia kwamba mtu mmoja si ushahidi. Ukimtazama mmoja tu utadanganyika, huenda umempata wa ajabu. Hilo nalo nilimkubalia, na nikamwambia ndiyo maana wale wa California na Bordeaux hawakuishia kwenye molekuli moja. Walipima moja, wakapima ya pili, ya kumi, ya mia, kila moja kivyake, wakaweka daftarini jinsi zinavyotofautiana. Wastani waliupata vilevile mwishoni. Lakini waliupata pamoja na wenyewe waliomo ndani yake. Tuchukue wanafunzi watano waliopata 12, 15, 50, 84 na 89. Wastani ni 50. Wengine watano wakipata 48, 49, 50, 51 na 52, wastani ni 50. Mwalimu anayeingia darasa la kwanza na yule anayeingia la pili wanahitaji kufundisha namna moja? Kiranja akanyamaza kidogo, kisha akasema kengele imelia. Kweli ilikuwa imelia.

Ubishi wangu hasa si na wastani. Ni na kumwondoa mtu ili wastani upendeze. Hilo si kupima tena. Mwanasayansi akiondoa molekuli zisizompendeza kisha akasema fuwele yake imeboreka, wenzake wangemkimbiza. Sisi tunaondoa watu watano, nambari inapanda, tunapiga makofi kwenye gwaridi, na hakuna hata mmoja wetu anayejua Fizikia zaidi ya alivyoijua jana.

Jirani yangu huyo, Jumamosi na likizo huenda Tabaka, kwa wachongaji wa mawe, kusugua vinyago kwa msasa ndani ya beseni la maji ili apate pesa za kuongezea karo. Siku moja nilimfuata. Alinionyesha kipande cha jiwe chenye mshipa wa waridi uliopita kati, akaniambia kwamba kipande hicho mchongaji hatakichonga kiboko kama vile vingine, kwa sababu mshipa ukiangukia shingoni jiwe litakatika. Atakigeuza kwanza mara nyingi mkononi. Nikamwuliza kama kila jiwe hugeuzwa hivyo. Akanitazama kama mjinga. "Sasa utachongaje kama hujaligeuza?" Mtu huyu, mpenzi msomaji, ndiye tunayesema hawezi kuelewa vitu vigumu na nguvu zilizomo ndani yake!

Kwa wanaotaka kujua mambo ya molekuli yaliishia wapi: hayakubaki kwenye baridi. Mnamo 1997 Moerner, wakati huo akiwa San Diego, pamoja na wenzake aliona kwamba molekuli moja moja za protini fulani inayong'aa kijani huwaka na kuzimika zenyewe, na zikizimika unaweza kuziwasha tena kwa mwanga wa rangi nyingine. Tangu Ernst Abbe wa Ujerumani mnamo 1873, kila mtu alijua kwamba hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko kama nanomita 200. Mnamo 2006 Eric Betzig na wenzake wakaikwepa sheria hiyo kwa kuziwasha molekuli chache chache, kuandika ilipo kila moja, kuzizima, kuwasha nyingine, mpaka picha nzima ikajaa nukta kwa nukta. Betzig, Moerner na Stefan Hell, aliyepata njia yake tofauti, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014. Leo watu wanatazama ndani ya seli hai vitu ambavyo kwenye kitabu chetu cha Biolojia bado ni michoro ya kukisia. Inachekesha kidogo kwamba lililomwangusha Abbe ni kumwuliza kila mmoja kwa zamu.

Sasa maombi yangu, maana mtu akilalamika bila kuomba kitu huonekana mpiga domo. Kwa heshima na taadhima, naomba ile karatasi ya ubaoni ibaki, lakini kando yake kila mwanafunzi apewe karatasi yake mwenyewe yenye alama zake za mihula yote, mstari wake uliopanda na kushuka, akae nao mwalimu wa somo hata kwa dakika tano. Najua tuko wengi na walimu ni wachache. Kazi ya kuchora mistari hiyo tutaifanya sisi wa Chama cha Kiswahili pamoja na wa Chama cha Sayansi. Madaftari ya grafu tunayo, na penseli si ghali. La pili, wale walioshauriwa kuacha Fizikia waulizwe tena kama wanataka kurudi, wakiwa peke yao, si mbele ya darasa. Usajili wa KCSE hufanywa mtu akiwa kidato cha nne, kwa hivyo hakuna mlango uliofungwa.

Jirani yangu sasa anasoma somo lingine kwenye chumba cha pili kutoka maabarani, na wakati wa kipindi chetu cha Fizikia humwona mtu akipita dirishani polepole kuliko inavyohitajika kwenda msalani. Juzi alisimama akauliza kupitia dirishani tumefika wapi. Nikamwambia tumefika kwenye mawimbi. Akasema mawimbi ameshayasoma mwenyewe, akataka kujua kwa nini mlinganyo wa ukurasa ule una alama ya lambda. Benchi letu la tatu, lile lililo karibu na mfereji usiotoa maji, bado lina nafasi yake. Nimeweka mfuko wangu hapo ili mtu asikae.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu